Foleni katika hospitali za umma: vyanzo vyake na njia za kuipunguza

Muda wa kusubiri hospitalini ni ule ambao mgonjwa yupo katika eneo la hospitali lakini hakuna anayemhudumia. Amekaa kwenye benchi, amesimama dirishani, anatafuta chumba alichoelekezwa, au anangoja majibu ya maabara. Dakika za kuzungumza na daktari, za kutolewa damu na za kuelezwa namna ya kumeza dawa hazimo katika hesabu hiyo. Mgonjwa anaweza kuingia getini saa 12 asubuhi na kutoka saa 9 alasiri, na ukijumlisha dakika zote alizohudumiwa zisifike hata saa moja.

Watu wengi, wakiwemo watumishi wa afya wenyewe, huichukulia foleni kuwa jambo lisiloepukika: wagonjwa ni wengi, madaktari ni wachache, basi. Hoja hiyo ina uzito wake na itarudiwa mbele. Lakini sehemu kubwa ya foleni huzaliwa na namna kazi ilivyopangwa, na kilichopangwa na watu kinaweza kupangwa upya. Hospitali yenye watumishi walewale, vyumba vilevile na wagonjwa walewale inaweza kupunguza saa za kungoja ikibadilisha mpangilio wake.

Suala hili si la starehe. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mama ntilie, dereva wa bodaboda au kibarua wa ujenzi, siku ya hospitali ni siku isiyo na kipato. Anayejua kwamba kliniki itamla siku nzima huahirisha kwenda, hununua dawa dukani bila kupima, au huacha dawa za presha zikaisha. Kwa mtoto mwenye degedege au mama anayevuja damu baada ya kujifungua, dakika za foleni ndizo zinazoamua kama atapona.

Aina za kusubiri

Kusubiri kuko kwa namna tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni kusubiri tarehe. Mgonjwa anayehitaji kumwona bingwa, kupigwa picha ya CT-Scan au kufanyiwa upasuaji usio wa dharura hupangiwa siku baada ya wiki au miezi. Foleni hii haionekani kwa macho kwa kuwa wahusika wako nyumbani kwao.

Ya pili ni kusubiri siku yenyewe ya huduma, hasa katika idara ya wagonjwa wa nje, yaani OPD, na katika kliniki za kisukari, presha, wajawazito na watoto. Hii ndiyo foleni inayoonekana na inayolalamikiwa zaidi, na ndiyo kiini cha makala hii.

Ya tatu ni kusubiri kitanda. Mgonjwa aliyekwisha kuamuliwa kulazwa hubaki kwenye machela katika idara ya dharura kwa sababu wodi imejaa. Mara nyingi wodini kuna watu walioruhusiwa kwenda nyumbani tangu asubuhi, wakingoja karatasi ya ruhusa, hesabu ya malipo au dawa za kuondokea. Foleni ya mapokezi huweza kuwa imeanzia kwenye kitanda ambacho kingekuwa kitupu saa nyingi kabla.

Katika masuala ya uzazi, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza mwaka 1994 ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ucheleweshaji huo wa tatu uko mikononi mwa hospitali yenyewe.

Safari ya mgonjwa wa nje

Ili kuielewa foleni, ni lazima kumfuata mgonjwa hatua kwa hatua. Katika hospitali nyingi za umma nchini Tanzania safari yake huwa hivi. Anafika mapokezi kuandikishwa, kadi au faili lake linatafutwa. Anakwenda dirisha la malipo kulipia kumwona daktari. Kama ana bima, kadi yake inahakikiwa. Anapimwa presha, uzito na joto. Anamngoja daktari. Daktari anamwandikia vipimo. Anarudi dirisha la malipo. Anakwenda maabara, anatolewa damu, anangoja majibu. Anarudi kwa daktari na majibu. Anaandikiwa dawa, anarudi tena dirisha la malipo, kisha anakwenda dirisha la dawa.

Hapo pana vituo tisa au zaidi, na kila kimoja kina foleni yake. Dirisha la malipo amelipitia mara tatu, chumba cha daktari mara mbili. Katika kila kituo huduma yenyewe huchukua dakika chache, lakini kila mara anaanza upya kuwa mtu wa mwisho katika mstari. Mzee mwenye magoti mabovu, au mama mwenye mtoto mgongoni anayetembea kutoka jengo moja hadi jingine huku akiuliza njia, anachoka kabla hajaonwa. Asiye na uwezo wa kulipa ana kituo cha ziada: ofisi ya ustawi wa jamii, kuomba msamaha wa malipo.

Kanuni ya kwanza ya kupunguza muda wa kusubiri inatoka hapa. Daktari akiharakisha na kumwona mgonjwa kwa dakika nne badala ya nane, mgonjwa ameokoa dakika nne na huenda amekosa uchunguzi mzuri. Muda mwingi umepotea kati ya kituo na kituo, na huko ndiko kwa kuutafuta.

Hesabu ya foleni

Elimu ya foleni ina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1909 mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu namna simu zinavyopishana kwenye mitambo. Hesabu zilizoanzia kwake leo hutumika katika benki, viwanja vya ndege na hospitali.

Fundisho kubwa la elimu hiyo ni kwamba kusubiri hakuongezeki sawa na kazi. Tuchukue daktari mmoja anayetumia wastani wa dakika 10 kwa mgonjwa, wagonjwa wakija bila mpangilio na matatizo yao yakitofautiana. Akiwa na kazi inayojaza nusu ya muda wake, kwa hesabu ya kawaida ya foleni mgonjwa atangoja wastani wa dakika 10. Kazi ikijaza asilimia 80 ya muda wake, mgonjwa atangoja dakika 40. Ikifika asilimia 90, dakika 90. Ikifika asilimia 95, dakika 190. Kutoka asilimia 90 hadi 95 ni ongezeko dogo la wagonjwa, lakini muda wa kungoja umezidi maradufu.

Maana yake kwa mganga mfawidhi ni mbili. Kwanza, hospitali inayopangwa ili kila mtumishi asiwe na dakika hata moja ya nafasi imejipangia foleni isiyoisha. Pili, habari ni njema upande wa pili: kuondoa sehemu ndogo tu ya mzigo, kwa mfano wagonjwa wachache waliokuja kuchukua dawa tu, hupunguza kusubiri kwa kiasi kikubwa kuliko mtu angetarajia.

Kanuni nyingine ilithibitishwa mwaka 1961 na John Little wa Marekani. Inasema kwamba wastani wa idadi ya watu waliomo mahali ni sawa na kasi yao ya kuingia ikizidishwa na muda wanaokaa. Kwa hiyo hospitali isiyo na kompyuta hata moja inaweza kupima hali yake. Kama kila saa wanaingia wagonjwa 30, na ukihesabu vichwa mara kadhaa kwa siku unakuta wastani wa watu 120 ndani, basi kila mmoja anakaa wastani wa saa nne. Kinachohitajika ni muuguzi mmoja, kalamu na daftari.

Vyanzo vya foleni

Chanzo cha kwanza ni asubuhi. Wagonjwa wote huambiwa waje asubuhi, nao kwa kuogopa kukosa nafasi hudamka alfajiri kuwahi namba. Madaktari nao asubuhi hiyohiyo wana kikao cha ripoti ya usiku na raundi ya wodini. Saa za mwanzo wagonjwa wamejaa na vyumba vitupu. Alasiri vyumba vina nafasi na benchi ziko wazi.

Cha pili ni wingi wa vituo, hasa kurudiarudia malipo.

Cha tatu ni wagonjwa kuruka ngazi. Mfumo wa afya Tanzania umejengwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za kanda kama Bugando na KCMC, na juu kabisa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kenya nayo ina ngazi sita, kuanzia huduma za jamii hadi hospitali za rufaa za kitaifa. Lakini mtu akikosa dawa au kipimo zahanati mara mbili, mara ya tatu hupanda daladala moja kwa moja hadi hospitali kubwa, na huwezi kumlaumu. Mafua na kidonda kidogo hukutana kwenye benchi moja na moyo uliofeli.

Cha nne ni ziara zisizo za lazima: kurudi kila mwezi kwa dawa ileile, kurudi kesho kuchukua majibu, kurudi wiki ijayo kwa sababu faili halikuonekana.

Cha tano ni upungufu wa watumishi, dawa na vitendanishi vya maabara. Dawa iliyoandikwa isipokuwepo, mgonjwa hurudi kwa daktari kubadilishiwa, akaongeza foleni ya watu wasiohusika kabisa na tatizo lake.

Kuwachambua wagonjwa kwa uzito wa hali

Njia ya kwanza, kwa umuhimu na kwa mpangilio, ni triaji: kila anayefika kutazamwa na muuguzi aliyefunzwa ndani ya dakika chache, na kupangwa kwa hatari aliyonayo. Utaratibu wa aliyewahi ndiye anayehudumiwa kwanza ni wa haki katika duka la mkate. Katika hospitali unaweza kuua.

Kipimo kinachotumika sana barani Afrika kilianza kutengenezwa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 2004. Muuguzi hupima mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, presha, joto, fahamu na uwezo wa kutembea, huangalia kama mtu ameumia, kisha hutoa alama. Mwenye rangi nyekundu huhudumiwa papo hapo, wa rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja, wa kijani ndani ya saa nne. Hakihitaji daktari mlangoni wala mashine ya gharama.

Mfano unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni wa jirani zetu Malawi. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, watoto wagonjwa mahututi walikuwa wakingoja katika mkusanyiko mmoja na watoto wenye kikohozi cha kawaida. Vifo vingi vya watoto hutokea ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kufika, kwa hiyo saa za benchi zilikuwa zinakula muda wa kuokoa maisha. Timu ya madaktari wa watoto, akiwemo Elizabeth Molyneux, ilipanga upya idara ya wagonjwa wa nje. Watumishi walifunzwa kutambua dalili za hatari: kupumua kwa shida, mshtuko wa mwili, kupoteza fahamu, degedege, na kukaukiwa maji kupita kiasi. Mtoto mwenye mojawapo alipelekwa moja kwa moja kwenye eneo la matibabu ya dharura lililowekwa hapohapo. Njia ya wagonjwa ilinyooshwa, na watumishi wa nje na wa wodini wakaanza kufanya kazi kwa ushirikiano wa karibu. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2006 ilionyesha kuwa vifo vya watoto waliolazwa, ambavyo awali vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Malawi ni nchi maskini, na mabadiliko hayo hayakuhitaji jengo la ghorofa. Yalihitaji watu kukubaliana nani aonwe kwanza.

Nchini Tanzania, idara ya kisasa ya magonjwa ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mwelekeo wa kuwa na idara kama hiyo umeenea katika hospitali za mikoa. Lakini triaji isiishie kwenye idara ya dharura. Kila mlango ambao mgonjwa anaweza kuingilia, ikiwemo kliniki ya watoto na ya wajawazito, unahitaji jicho hilo.

Kugawa wagonjwa kwa saa

Njia ya pili ni miadi ya vipindi. Mwaka 1952 mtakwimu wa Uingereza Norman Bailey alichapisha utafiti kuhusu foleni katika kliniki za wagonjwa wa nje. Aligundua kwamba kliniki ikiita wagonjwa wawili mwanzoni, kisha mmoja mmoja kwa kufuata wastani wa muda wa huduma, daktari hakai bure na wagonjwa hawangoji sana. Mpangilio mwingi wa wakati huo ulithamini dakika za daktari na kuzifanya saa za mgonjwa kuwa bure.

Mfano wa hesabu unaonyesha ukubwa wa faida. Tuseme kliniki ya kisukari ina wagonjwa 150 kwa siku na madaktari watano, kila mmoja akitumia dakika 10 kwa mgonjwa. Kwa pamoja wanahudumia watu 30 kwa saa, hivyo kazi yote ni ya saa tano.

Wagonjwa wote wakiambiwa waje saa 2 asubuhi, na madaktari wakaanza saa 4 baada ya raundi, wastani wa kusubiri ni dakika 265. Wagonjwa wakija saa 2 na madaktari wakaanza saa 2 ileile, wastani hushuka hadi dakika 145. Madaktari wakianza saa 2, na wagonjwa wakaja kwa makundi ya watu 30 kila saa, wastani ni dakika 25.

Madaktari ni walewale watano, wagonjwa walewale 150, na kila mtu ameonwa kwa dakika zilezile 10. Katika maisha halisi kuna wanaochelewa, kuna mvua, kuna mgonjwa atakayehitaji nusu saa, kwa hiyo tarakimu hazitatokea hivyo kamili. Mwelekeo wake lakini haubadiliki.

Miadi hii haihitaji programu ya simu. Kadi ya kliniki iliyoandikwa tarehe inaweza kuandikwa na saa: njoo Jumanne, saa 4 hadi saa 5. Sharti lake ni uaminifu wa pande zote. Mgonjwa aliyekuja saa 4 akakuta waliokuja saa 12 wamepewa namba kabla yake, mwezi ujao naye atadamka alfajiri, na mpango mzima utakuwa umekufa. Anayetoka mbali kwa basi moja la asubuhi apewe kipindi kinachomfaa, na namba isigawiwe kwa kuwahi. Vikao na raundi nazo zipangwe ili angalau sehemu ya madaktari iwe vyumbani tangu mwanzo.

Kupunguza vituo na kuunganisha foleni

Njia ya tatu ni kufuta hatua zisizo na faida kwa mgonjwa. Swali la kuuliza katika kila kituo ni moja: hapa mgonjwa anapata nini? Kama jibu ni muhuri tu, kituo hicho kifutwe au kiunganishwe na kingine.

Malipo ndiyo mahali pa kuanzia. Namba ya malipo ya serikali, ile ambayo watu huiita kontrol namba, inawezesha kulipa kwa simu bila kusimama dirishani. Hospitali inaweza pia kukusanya malipo yote mara moja mwishoni, au kuweka mhasibu katika kila eneo badala ya dirisha moja kwa hospitali nzima. Mfumo wa kielektroniki wa GoT-HoMIS, unaotumika katika vituo vingi vya serikali, unaweza kutuma maombi ya vipimo maabara na majibu kwa daktari bila mgonjwa kubeba karatasi. Faida yake hupotea pale ambapo hospitali inaendelea kuandika faili la karatasi na la kompyuta kwa wakati mmoja: kazi imeongezeka badala ya kupungua.

Sambamba na hilo, foleni nyingi za vyumba vingi ziunganishwe kuwa foleni moja. Madaktari watano wenye mistari mitano huacha mmoja akiwa mtupu huku mwingine akizidiwa, kwa sababu tu alipata wagonjwa wawili wenye maelezo marefu. Mstari mmoja unaokwenda kwa daktari yeyote aliye wazi huondoa bahati mbaya hiyo. Isipokuwa kwa wagonjwa wa muda mrefu wanaopaswa kumwona daktari anayewafahamu, mstari mmoja ni bora.

Maabara na dawa

Maabara huchelewesha mara nyingi kwa sababu ya kufanya kazi kwa mafungu. Damu iliyotolewa saa 3 hukaa kwenye trei mpaka trei ijae, ikapelekwa saa 5. Mashine ikawashwa sampuli zikishakuwa nyingi. Majibu yakatolewa yote pamoja saa 7. Na madaktari wakapokea wimbi la wagonjwa wa marudio kwa mkupuo. Kupeleka sampuli kila nusu saa, hata zikiwa nne tu, hulainisha mkondo mzima wa siku.

Vipimo vinavyoweza kufanywa karibu na mgonjwa visipelekwe mbali. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya takriban dakika 15 hadi 20, na kipimo cha sukari ya kidoleni ndani ya sekunde. Muuguzi wa triaji akiruhusiwa kwa mwongozo maalumu kuagiza vipimo vya wazi, kama malaria kwa mwenye homa, mgonjwa huingia kwa daktari mara moja tu, akiwa na majibu mkononi. Ile safari ya pili ya kwa daktari imefutwa.

Katika famasia, dawa zinazotoka kwa wingi zifungashwe mapema, na kila asubuhi madaktari wapewe orodha ya zilizopo na zilizoisha. Upatikanaji wenyewe una historia ya kujifunza: mfumo wa Jazia, au mfumo wa mshitiri, ulianza Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchi nzima mwaka 2018. Kwa mfumo huo kituo kinachokosa dawa Bohari ya Dawa hununua kwa msambazaji mmoja aliyepitishwa na mkoa, badala ya kila kituo kuhangaika peke yake.

Kuwapunguzia watu ziara

Foleni bora ni ile ambayo mtu hakuhitaji kuipanga. Huduma za VVU zimetoa somo kubwa hapa. Zamani aliyetumia dawa za kufubaza virusi alikuja kliniki kila mwezi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mgonjwa ambaye hali yake imetulia aonwe kliniki na kupewa dawa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na nchi nyingi za Afrika, ikiwemo Tanzania, zikafuata mwelekeo huo. Anayepewa dawa za miezi sita huja mara 2 kwa mwaka badala ya mara 12. Ziara 10 za kila mgonjwa wa aina hiyo zimeondolewa kwenye benchi, na muda uliopatikana ni wa mwenye kifua kikuu aliyegunduliwa leo.

Mwenye presha iliyotulia au kisukari kilichodhibitiwa anastahili utaratibu uleule. Mahali pengi bado anatakiwa arudi kila siku 30, kwa sababu ya masharti ya bima au hofu ya dawa kuisha. Masharti hayo yanaweza kurekebishwa. Dawa za kuendelea zinaweza kutolewa na muuguzi au mfamasia bila kumwona daktari kila mara, na zinaweza kuchukuliwa kwenye zahanati ya karibu.

Hapo ndipo kuimarisha ngazi za chini kunapokuwa dawa ya foleni za juu. Zahanati yenye dawa, kipimo na tabibu aliyepo humzuia mgonjwa kwenda mkoani kwa nguvu kuliko tangazo lolote la kumtaka afuate rufaa. Kufunga milango ya hospitali kubwa kabla ya kuijaza zahanati dawa ni kumwadhibu mgonjwa kwa kosa lisilo lake.

Uboreshaji wa kila siku

Mabadiliko haya hayadumu kwa amri ya mara moja. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia mbinu ya uboreshaji kutoka Japani, kwa ushirikiano na shirika la JICA, na baadaye Wizara ya Afya ikaieneza katika hospitali nyingine nchini. Kwa Kiswahili hatua zake tano ni Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Kwa vitendo ni mambo madogo: mafaili yamepangwa kwa namba na rangi hata lililowekwa vibaya linaonekana; kila kifaa kina mahali pake palipochorwa; vibao vinaelekeza kwa herufi kubwa; vilivyoharibika vimetolewa vyumbani. Muuguzi asiyetafuta kipimo cha presha kwa dakika tano katika kila zamu amewarudishia wagonjwa dakika hizo. Hatua inayofuata, Kaizen, huwataka watumishi wenyewe kuchagua tatizo moja, kulipima, kujaribu suluhisho na kupima tena.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Kwa siku chache kila mgonjwa apewe karatasi yenye vituo vyote, na kila kituo kiandike saa aliyofika na saa aliyoondoka. Karatasi mia moja zikikusanywa getini, hospitali itaona wazi ni wapi saa zinapopotea. Mara nyingi ni mahali tofauti na pale ambapo kila mtu alidhani.

Tahadhari

Kwanza, lengo la muda likiwekwa vibaya hudhuru. Nchini Uingereza hospitali ziliwekewa lengo la kumaliza wagonjwa wa dharura ndani ya saa nne. Kufikia 2004 lilitakiwa kutimizwa kwa asilimia 98 ya wagonjwa, na mwaka 2010 likashushwa hadi asilimia 95. Kusubiri kulipungua sana, lakini watafiti waliona pia wagonjwa wengi wakiondolewa idarani katika dakika za mwisho kabla ya saa nne kutimia. Uchunguzi wa umma ulioongozwa na Robert Francis kuhusu hospitali ya Stafford, uliotoa ripoti mwaka 2013, ulionyesha namna uongozi unaokimbiza malengo na fedha unavyoweza kumsahau mgonjwa. Muda upimwe pamoja na ubora: vifo, wanaorudi na hali ileile, na mgonjwa mwenyewe alivyohudumiwa.

Pili ni haki. Foleni isiyoonekana huzalisha rushwa na kujuana. Namba zinapobandikwa wazi na sababu za kumtanguliza mtu zikatangazwa, mlango huo hufungwa. Wazee wenye miaka 60 na zaidi, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wana haki ya kutangulizwa, na dirisha la wazee lililoandikwa ukutani liwe na mtu ndani yake. Mwenye fedha kupita dirisha la haraka si kosa ikiwa daktari wake hakuchukuliwa kutoka kwenye foleni ya wengine.

Tatu ni mawasiliano. Anayeambiwa kwamba daktari yupo kwenye upasuaji na atarudi saa 5 hungoja kwa utulivu kuliko asiyeambiwa kitu. Kipaza sauti kitumike pamoja na skrini, kwa kuwa si kila mtu anaona, anasikia au anasoma.

Mipaka ya mpangilio

Mpangilio mzuri hauzalishi madaktari. Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000, na nchi za Afrika Mashariki ziko mbali nacho. Katika Azimio la Abuja la mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, ahadi ambayo nchi nyingi hazijaitimiza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa Tanzania mwaka 2023 ikitekelezwa kikamilifu, wengi waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa fedha watafika hospitalini. Hilo ni jambo jema, nalo litaongeza watu kwenye benchi. Serikali inadaiwa watumishi na fedha, na kupanga foleni vizuri kusiwe kisingizio cha kuusahau mzigo huo.

Lakini deni hilo nalo halimzuii mganga mfawidhi kuanza wiki hii. Utaratibu unaofaa una mfuatano wake. Aanze na triaji, kwa kuwa inaokoa uhai. Apime safari ya mgonjwa kwa karatasi na saa. Achague kituo kimoja kinachokwamisha zaidi, akirekebishe pamoja na watumishi wa kituo hicho, apime tena. Kisha aandike saa kwenye kadi za kliniki, arefushe muda wa dawa kwa waliotulia, na afute muhuri mmoja usio na kazi. Hakuna hata hatua moja kati ya hizi inayongoja bajeti ya mwaka ujao, na kila moja humrudishia raia saa zake.